Mgonjwa wa Upele Ana Jingine Moyoni

Mfugaji wa Garissa akimwona ngamia wake anajikuna kwenye shina la mgunga, hangoji kesho. Humkagua kwapani, mapajani na shingoni, akapapasa pale manyoya yaliponyonyoka na ngozi ikaanza kuwa ngumu kama gome, kisha humtenga. Wala hamtibu huyo mmoja tu. Ngamia wote waliolala naye boma moja hupakwa au hudungwa dawa siku hiyo, kwa kuwa mfugaji amejua tangu utotoni kwamba upele haukai kwa ngamia mmoja. Siku hizi dawa yenyewe mara nyingi ni ivamektini, na kuipata si kazi: iko kwenye maduka ya dawa za mifugo mjini.

Nyumbani kwa mfugaji huyohuyo, mtoto anaweza kujikuna miezi mitatu. Mama yake atampeleka kituo cha afya, atapewa chupa moja ya dawa ya kupaka, mtoto atapakwa peke yake, na usiku atalala mkeka mmoja na ndugu zake. Wiki chache baadaye anajikuna tena. Mama ataondoka na neno moja tu la kuwaambia majirani: dawa ya hospitali haifai.

Utitiri unaomla ngamia na ule unaomla mtoto ni wa jamii moja; kila mmoja umezoea mwenyeji wake tu. Nimeanza na ngamia kwa makusudi, maana tumezoea kuandika juu ya watu wa Kaskazini Mashariki, na hasa wakimbizi, kana kwamba tatizo lao ni kutojua. Kanuni kubwa ya kutibu upele, kwamba unatibu boma zima kwa siku moja, wanaijua kuliko wengi wetu. Kinachokosekana ni huduma inayowatibu wao kwa kanuni hiyohiyo.

Kambi za Dadaab ziko kama kilomita 100 kutoka mji wa Garissa. Zilianza 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka Mogadishu, na Ifo, Dagahaley na Hagadera kwa pamoja zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka wa njaa ya 2011 wakazi walipita 400,000. Baadaye wengi walirejeshwa Somalia na idadi ikashuka, halafu mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, na leo kambi zimerudi kwenye idadi ya 2011. Ukumbuke kwamba sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 tu katika kaunti nzima ya Garissa.

Wengi wa waliofika katika ukame huo walikaa muda mrefu bila kusajiliwa, na asiye na kadi hana kiwanja wala mgao. Msomali hamwachi mtu wa ukoo wake njiani. Basi familia moja ilipokea ya pili, na ya pili ikavuta ya tatu, wakajibana ndani ya ua mmoja na kuchangia choo kimoja na mitungi ileile ya maji. Ukarimu huo umeokoa maisha ya watu wengi, nami siwezi kuulaumu. Lakini utitiri haubagui mgeni na mwenyeji.

Tuutazame kwa karibu, maana hapa ndipo matibabu yanapoharibika. Jike la utitiri huchimba handaki ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai mawili au matatu kwa siku. Kwa anayeupata mara ya kwanza, mwasho huchelewa wiki nne hadi sita, kwa hiyo mtu anaambukiza kabla hajaanza kujikuna. Mwasho unazidi usiku. Mahali pake pa kawaida ni katikati ya vidole, viwikoni, kiunoni, chini ya matiti kwa wanawake, na kwa mwanamume kwenye uume na korodani. Vipele vya hapo mwisho ni ushahidi mkubwa wa upele, lakini ndivyo visivyoonyeshwa na mtu.

Mtoto akijikuna kwa kucha zenye vumbi, bakteria huingia. Vidonda vinatunga usaha, na baadhi ya bakteria hao huweza kuharibu figo. Ndiyo maana mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 ivamektini ikaandikwa kuwa dawa ya lazima kwa upele wa binadamu. Huko Fiji watafiti waliwapa ivamektini wakazi wote wa visiwa fulani, wenye upele na wasio nao, na katika matokeo yaliyochapishwa 2015 upele ulishuka kutoka asilimia 32 hadi chini ya asilimia 2 kwa mwaka mmoja. Wale waliotibiwa mmojammoja kwa dawa ya kupaka, pamoja na waliogusana nao, hawakupata nafuu kubwa hivyo. Mfugaji wa Garissa angeyasikia matokeo hayo asingeshangaa hata kidogo.

Sasa fikiria mama wa Dagahaley anavyotumia ile dawa nyeupe ya kupaka, ambayo bado ndiyo rahisi kupatikana. Ipakwe kuanzia shingoni hadi unyayoni, isiachwe nafasi hata chini ya kucha, ikae siku nzima, irudiwe. Kwenye ngozi iliyochubuka inawasha kama pilipili, na mtoto analia. Nguo na shuka zifuliwe siku hiyohiyo. Kwa maji gani? Lengo la Umoja wa Mataifa kambini ni lita 20 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia, kutawadhia na kufulia. Kuna njia nyingine ambayo nashangaa haielezwi zaidi: utitiri ukitoka kwenye mwili wa mtu haumalizi siku nyingi bila kufa. Nguo zikifungwa kwenye gunia siku tatu au nne, utitiri umekwisha, bila tone la maji. Ni maelezo ya dakika moja, lakini lazima yasemwe kwa lugha ambayo mama anaisikia.

Mama aliyekata tamaa na chupa ya hospitali huenda sokoni. Katika maduka ya Garissa na mabanda ya kambini kuna vitubu vya krimu visivyohitaji cheti cha daktari, na vingi vina steroidi kali. Ukimpaka mtoto mwenye upele au choa, usiku wa kwanza mwasho unatulia, na hapo ndipo hatari ilipo. Kuvu wa choa wananenepa chini ya krimu, duara lake linapoteza kingo, na mhudumu anayekuja kumtazama mtoto mwezi wa pili hautambui tena ugonjwa aliouona kitabuni. Ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi. Pembeni ya vitubu hivyo kuna mkorogo wa kujichubua, wakati Kenya ilikwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni zamani. Wanawake wa Kisomali wana urembo wao wa asili, qasil, unga wa majani ya mkunazi, unaokorogwa kwa maji na kusingwa usoni. Hautibu upele, lakini haujamharibia mtu uso wake.

Hayo ni ya ngozi, na yanaonekana. Nilichokusudia kukisema hasa kiko chini yake.

Wasomali wana neno ceeb. Ile c ya mwanzo ni ain ya Kiarabu, na neno lenyewe ni ndugu wa aibu yetu. Yametoka tumbo moja. Ceeb ndiyo inayoamua nani anasema nini mbele ya nani. Mwanamke hawezi kuingia kwenye chumba cha afisa wa kliniki mwanamume, mlango wazi, foleni ikisikiliza nje na mtoto wa jirani akiwa mkalimani, akasema anatokwa na uchafu wenye harufu au mumewe amerudi kutoka safari na kidonda. Hatasema, na ukimuuliza atakataa. Anachoweza kusema bila kuvunjika uso ni kwamba anawashwa. Atatoa mkono kwenye jilbabu, aonyeshe kiwiko.

Mhudumu aliyechoka, aliyekwisha kuona wagonjwa 60 tangu asubuhi, atatazama kiwiko, ataandika dawa ya kupaka na kuita anayefuata. Mhudumu wa kike anayejua kazi yake atafunga pazia. Atautazama mkono kwa utulivu, ataupapasa, maana ngozi inayoguswa bila kinyaa humlegeza mtu, kisha atauliza kwa sauti ya chini: hooyo (mama), na kwingine? Mara nyingi jibu la kwanza ni kimya. La pili ndilo lililomleta.

Huu ndio msimamo wangu: katika Kaskazini Mashariki, huduma ya ngozi ndiyo mlango wa huduma ya afya ya uzazi na magonjwa ya zinaa. Tukizitenga, kwa kuweka kliniki ya zinaa peke yake yenye kibao mlangoni, hakuna mtu mwenye heshima zake atakayeonekana akiingia humo. Tukiziweka chumba kimoja, kila mtu ana sababu ya kuingia, kwa kuwa nani hajawahi kuwashwa?

Wala si hila ya kumzunguka mgonjwa. Kitabibu mambo haya ni mamoja. Kaswende katika hatua yake ya pili hutoa vipele viganjani na nyayoni, visivyowasha, ambavyo kwenye joto la Garissa vinaweza kudhaniwa ni vya jasho. Kwa mjamzito inaweza kumuua mtoto tumboni, au azaliwe ngozi ya viganja ikibambuka. Kuigundua kunahitaji tone la damu la kidole na dakika 20, kwa kipimo kimoja kinachopima VVU na kaswende pamoja. Kuitibu mapema kunahitaji benzathini penisilini, sindano moja ya yuniti milioni 2.4, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Virusi vya Ukimwi navyo hujitangaza kwa ngozi: mkanda wa jeshi kwa kijana, kuvu wasiokoma, mabaka ya zambarau. Garissa ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi machache kabisa nchini, na uchache huo umeleta msiba wake: wenye virusi wanaomjua mtu mwingine mwenye virusi ni wachache, na hufichwa au hujificha.

Kisha kuna jambo ambalo mhudumu mgeni hulikuta chini ya shuka bila kuandaliwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta wanawake 98 kati ya kila 100 wa Kaskazini Mashariki wamekeketwa, wakati kwa Kenya nzima walikuwa 21, na kufikia 2022 kiwango cha taifa kilishuka hadi 15. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ni ya 2011. Wengi hapa walifanyiwa ule wa kushonwa, ambao Wasomali wenyewe wanauita wa kifirauni. Mkojo hutoka tone kwa tone, damu ya mwezi hubaki ndani, maambukizi ya njia ya mkojo hujirudia hadi mwanamke akadhani ndivyo wanawake wote walivyo. Kifaa cha kawaida cha kupimia mlango wa uzazi hakiingii. Ile orodha ya dalili anayoitegemea mhudumu ili kugawa dawa za zinaa haifanyi kazi sawasawa, kwa sababu kutokwa na maji na maumivu vina sababu nyingine tena.

Yako mambo ambayo chuo hakiyafundishi vya kutosha. Mhudumu akishtuka uso, mgonjwa ameuona mshtuko huo na harudi tena. Wanawake wa Kisomali waliofika Ulaya na Marekani wamelieleza jambo hili mara nyingi: daktari kuita wenzake waje kutazama. Garissa, ambako mwanamke aliyeshonwa ndiye mgonjwa wa kawaida, hatuna udhuru. Kila mkunga na kila afisa wa kliniki anayepangiwa kazi huku ajue kumfungua mwanamke kwa usalama, ajue kulizungumza jambo hili bila kulaumu, na ajue kuandika katika faili kile kilichopo.

La ubakaji sitalipitia mbio, maana ni zito. Mwaka 1993, miaka miwili tu baada ya kambi kufunguliwa, shirika la kutetea haki la Africa Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kisomali waliobakwa Dadaab na kandokando yake. Visa vya mwaka huo vilihesabiwa kwa mamia. Wengi walivamiwa porini walikokwenda kutafuta kuni. Mwaka 1998 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilianza kugawa kuni kambini. Ubakaji wa porini ulipungua wakati familia zina kuni za kutosha, lakini ule wa mahali pengine ukaongezeka. Wabakaji walikuwa wamehamia palipobaki upenyo.

Anayebakwa ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia VVU. Ndani ya saa hizo anatakiwa afike kwa mhudumu, achunguzwe, apate pia kinga ya mimba na ya magonjwa mengine ya zinaa, na fomu ya huduma baada ya kubakwa, PRC, ijazwe, maana bila hiyo kesi hudhoofika mahakamani. Lakini kwa kawaida saa za kwanza huliwa na wazee. Wanakaa maslaha, ukoo kwa ukoo, hadi fidia ikubaliwe, na anapokuja kuulizwa msichana, ikiwa ataulizwa, siku ya nne imefika. Mashirika ya wanawake ya Garissa yamelipigia kelele hili miaka mingi. Nawaambia wazee hivi kwa heshima yao yote: kaeni maslaha mkitaka juu ya mambo ya ngamia na visima. Msichana aliyebakwa apelekwe hospitali kwanza, usiku huohuo.

Nirudi kwenye lugha, maana nadhani tunaichukulia rahisi mno. Tunasema wakimbizi wa Dadaab ni Wasomali, basi tumtafute mkalimani wa Kisomali. Wamo waliotoka kati ya mito ya Juba na Shabelle ambao lugha yao ni Maay, na Msomali wa kaskazini hawasikii vizuri. Wamo Waethiopia na Wasudani Kusini. Na wamo Wazigua wa Juba, watu ambao babu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka nchi ambayo leo ni mkoa wa Tanga, na hadi leo baadhi yao wanazungumza Kizigula. Wengine walihamia Marekani kuanzia 2003, wengine wamerudi Handeni na kukaa Chogo, na mwaka 2014 Tanzania ikawapa uraia. Hao wa Juba wamedharauliwa na majirani zao kwa vizazi. Bibi wa Kizigua aliyeletewa mkalimani kutoka koo zilizokuwa zikimdharau hawezi kumwambia mkalimani huyo habari za sehemu zake za siri. Muuguzi wa Tanga angemsalimu kwa Kizigula chake na akasikika.

Tanga imenikumbusha Moshi. Pale hospitali ya KCMC, chini ya Mlima Kilimanjaro, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa 1992. Waanzilishi walijua kwamba madaktari bingwa wa ngozi hawatatosha Afrika, na waliopo watabaki miji mikubwa. Wakaamua kuwachukua maafisa wa kliniki na wahudumu wa ngazi hiyo kutoka nchi mbalimbali, na kuwafundisha miaka miwili ngozi na magonjwa ya zinaa kwa pamoja, somo moja na cheti kimoja, kisha kuwarudisha wilayani kwao. Ndiyo ile ndoa ninayoililia Garissa, na imefungwa zaidi ya miaka 30 iliyopita, safari ya siku moja au mbili kwa basi kutoka hapa.

Wakati wa kuitumia ni huu. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa suala la kipaumbele duniani. Miezi miwili kabla yake, Machi 2025, Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kambi ziwe makazi ya kawaida, na hospitali zake zihudumie mkimbizi na mwenyeji chini ya mfumo wa kaunti. Mwaka huohuo Marekani ilikata misaada yake ya nje, na vituo vya afya vilivyoitegemea kwenye kambi za wakimbizi vikaanza kupunguza watu na huduma. Mzigo unakuja kwa kaunti, kaunti itake isitake. Ikirithi majengo bila watu wanaojua kazi, itakuwa imerithi kuta.

Kwa hiyo naiomba Kaunti ya Garissa, na wizara iliyo Nairobi. Ivamektini ya binadamu ifike zahanati zote kwa vipimo vya kutosha nyumba nzima, pamoja na dawa ya kupaka kwa wajawazito na watoto wenye uzito chini ya kilo 15 ambao hawapewi ivamektini. Kila kituo kiwe na chumba kimoja chenye pazia, na mwanamke ndani yake. Wakalimani walipwe, waapishwe kutunza siri, na asitumike tena mtoto. Na wapelekwe watu Moshi, wanawake kwanza, wa Dadaab, wa Fafi, wa Lagdera, waliozaliwa huku na watakaorudi huku. Wahudumu wageni kutoka ng'ambo ya daraja la Mto Tana wamefanya kazi kubwa, lakini wengi waliondoka baada ya mashambulizi ya Mandera 2014 na ya Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, na hatuwezi kujenga huduma ya siri za watu juu ya mhudumu anayehesabu siku za kuondoka.

Mafunzo ya Moshi ni miaka miwili. Anayeanza mwaka huu atarudi kazini kabla mtoto anayezaliwa leo Ifo hajafika umri wa kwenda chekechea. Kambi zenyewe zimekwisha kukaa zaidi ya miaka 30.